Nani Anakaa na Sufuria?



Wiki hii naliacha kidogo lile somo la maombi tulilokuwa tukiendelea nalo, kwa ruhusa ya Mchungaji, niandike juu ya supu. Najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu supu hii imenisumbua roho tangu kesha la mwaka juzi, na Disemba ndiyo hii imefika tena.

Kila mshiriki wa hapa anaijua supu yetu ya kuvuka mwaka. Tarehe 31 Disemba tukiwa ndani tunaimba na kuomba, nyuma ya kanisa, upande wa tangi la maji, sufuria kubwa iko juu ya mafiga. Ndani kuna mifupa ya ng'ombe, vichwa na miguu ya mbuzi iliyobabuliwa manyoya na kukwanguliwa kwa kisu, muthokoi, maharagwe, viazi, karoti, vitunguu. Saa kumi na moja alfajiri tukifunga ibada, kila mtu anapewa kikombe au bakuli. Anapewa mshirika, anapewa mgeni, anapewa hata kijana wa boda boda aliyesimama barabarani kuuliza kelele ni za nini. Wale wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa huniambia wameila mwaka mzima supu ya hotelini na haikuwa hii. Na ni kweli, si hii.

Siri yake ni muda. Mishipa na ngozi ya miguu ya mbuzi haiyeyuki kwa haraka. Inataka moto mdogo kwa masaa mengi ndipo itoe ule ute unaofanya supu iwe nzito na kuganda ikipoa. Muthokoi nayo mnaijua. Mahindi yametwangwa kwenye kinu mpaka ganda la juu likatoka, na bado yana kiburi. Ukiongeza kuni ili yaive upesi, yanashika chini na kuungua huku kiini kikiwa kigumu kama changarawe. Hayataki kusukumwa.

Mimi huyu nimelihubiri jambo hilo. Mwaka juzi nilisimama madhabahuni karibu saa nne usiku nikafundisha kutoka Mwanzo 25, Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu kwa sababu ya njaa ya dakika moja. Nikasema, wapendwa, hata supu iliyo nje inatufundisha kungoja. Watu wakaitikia amina kubwa. Nilijisikia vizuri sana.

Sasa hebu niwaambie kilichotokea wiki tatu kabla ya hapo. Kamati ilikuwa ikijadili bajeti ya kesha, na baadhi ya ndugu walitaka tuachane na supu tuagize chakula hotelini, mambo yawe rahisi. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo niliombwa nipige hesabu. Nikaja na karatasi yangu. Mifupa, vichwa na miguu, shilingi 6,500. Muthokoi na maharagwe, 3,200. Viazi, karoti, vitunguu, dhania na chumvi, 1,400. Kuni, 1,500. Jumla 12,600 kwa watu 200, yaani shilingi 63 kwa kila mtu. Hoteli ilitaka 150 kwa sahani, ambayo ni 30,000. Hakukuwa na ubishi. Supu ilishinda, na nilipongezwa.

Mstari wa mwisho wa karatasi ile nilikuwa nimeandika: wapishi, kujitolea, 0.

Kuna mama mmoja wa kanisa, nisimtaje jina, ambaye ndiye huongoza upishi huo. Wengi hapa tunamwita susu ingawa si nyanya yetu wa damu. Alikuwa kwenye kikao kile kwa niaba ya akina mama, ameketi karibu na mlango. Karatasi ilipomfikia aliishika muda mrefu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Pasta, hapa umeandika nani anakaa na sufuria?" Nikamwonyesha mstari wa mwisho. Akasema, "Aa," akampa aliyefuata.

Nilidhani ameridhika. Ilikuwa ni Januari, tayari mwaka umeanza, nilipomkuta sokoni Muthetheni na kumsalimia vile tunavyosalimiana siku hizo: susu, umepokea neno gani la mwaka? Akacheka. Akasema, "Mimi nimepokea moshi, mwanangu." Akanihesabia kwa vidole. Miaka kumi na mmoja hajawahi kuwa ndani ya kanisa saa sita ya usiku ya kuvuka mwaka.

Wapendwa, nilirudi nyumbani nikaitoa ile karatasi. Darasani tulifundishwa, tena mwaka wa kwanza kabisa, kwamba gharama ya kitu si pesa ulizotoa tu. Ni pia kile ulichokikosa kwa kuchagua hicho. Akina mama wanne, kuanzia saa tano asubuhi ya tarehe 31 hadi saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe mosi, ni masaa 19 kila mmoja, jumla masaa 76. Mimi niliyaandika sufuri. Na sikuyaandika sufuri kwa ubaya. Niliyaandika hivyo kwa sababu tangu nikiwa mtoto sijawahi kuona yakiandikwa namna nyingine.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa, na ndilo ninalotaka tulitazame pamoja. Je, huduma inayotolewa kwa moyo inahitaji kuhesabiwa? Kuna jibu la haraka ambalo sisi watu wa kanisani hulipenda: hapana, Mungu ndiye anayehesabu, thawabu iko mbinguni. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini angalieni ni nani hulisema. Mara nyingi ni yule aliyeshika bakuli.

Mwaka jana niliomba Mchungaji aniondoe kwenye ratiba ya kesha nikakae na sufuria. Alinitazama, akakubali. Nataka niwaeleze nilichokiona maana wengi wetu hatujawahi kufika kule nyuma usiku, isipokuwa kwenda chooni.

Kwanza, hakusikiki. Spika zetu zinaelekea ndani. Ukiwa karibu na tangi unasikia ngoma na besi, na unasikia watu wakisema amina, lakini hujui wameitikia nini. Pili, upepo hugeuka. Ukihamia upande huu moshi unakufuata, ukirudi upande ule unarudi nawe. Tatu, huwezi kuondoka. Nilikuwa nikifikiri sufuria inajipikia, mtu anachungulia mara moja moja. Kumbe muthokoi ikianza kunywa maji unakoroga, unaongeza maji ya moto, unachomoa kuni, unarudisha kuni, na mara mkono umechoka na ni saa tano tu. Saa sita kamili ndani kulilipuka kwa shangwe. Susu alinigeukia, mwiko mkononi, akasema, "Mwaka mpya mwema, pasta," akaendelea kukoroga. Huo ndio uliokuwa mwaka mpya wetu.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilimkuta mtu mwenye uchungu. Aliniambia huomba akikoroga. Huwataja watu kwa majina, mmoja mmoja, hata wale walioacha kuja kanisani. Anajua kwa harufu tu kama mifupa imetoa ute wake. Alifundishwa na mama mkwe wake, na anajivunia. Nilipomuuliza kama angependa tuiondoe supu, alinitazama kama niliyetukana. Kwa hiyo ndugu zangu, jambo hili si rahisi kama nilivyolitaka. Kama ningekuja na hukumu kwamba tunawaonea akina mama, yeye mwenyewe angenirudisha. Na kama ningesema basi ni sawa, anapenda, ile miaka kumi na mmoja ingebaki palepale.

Nimefikiri sana juu ya tofauti ya sadaka na ushuru. Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 anataka mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, bila kulazimishwa. Sasa nikajiuliza: susu akiamka tarehe 30 aseme mwaka huu sikai na sufuria, nataka kuketi ndani, kutatokea nini? Mnajua kitakachotokea. Kutakuwa na simu. Kutakuwa na kikao. Mtu atauliza kama amekosana na Mchungaji. Wengine watasema amepoa kiroho. Basi kama hawezi kusema hapana bila kesi, sisi tunaopokea hatuna haki ya kuiita sadaka, hata kama yeye bado anaitoa kama sadaka. Kwa upande wake ni zawadi. Kwa upande wetu imekuwa ushuru, tena usio na risiti.

Daudi aliwahi kuwa na kiu akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea (2 Samweli 23:15-17). Alipoyashika alikataa kuyanywa. Aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha, akayamimina mbele za Bwana. Nilimsimulia susu habari hiyo pale motoni, nikitaka kuonyesha kwamba nimeelewa. Akasema nikimwaga supu yake tutakosana. Ni kweli, wale watatu hawakuleta maji ili yamwagwe. Hata hivyo Daudi alifanya kitu kimoja ambacho mimi na karatasi yangu hatukukifanya. Kabla ya kunywa aliuliza yamegharimu nini na yamemgharimu nani.

Tena kuna Martha. Masikini Martha, tumempiga mawe kila mwaka (Luka 10:38-42). Tunahubiri kwamba Mariamu alichagua fungu lililo jema nalo hataondolewa. Sawa. Lakini tukimaliza kuhubiri tunatoka nje kutafuta chakula, na aliyekipika ni Martha. Nikasoma tena ile sehemu ya mwisho, kwamba fungu hilo hataondolewa, nikaona aibu. Maana sisi tunawaondolea wanawake wanne fungu hilo kila tarehe 31 Disemba, kwa mpango, na kwa bajeti iliyopitishwa.

Kuna nchi moja ya watu weusi kule Karibi, Haiti, ambayo nayo huanza mwaka kwa supu. Waliokuwa watumwa huko waliwashinda Wafaransa wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Mpaka leo kila tarehe mosi Januari Wahaiti hupika supu ya malenge yenye nyama, wanaiita soup joumou, na mwaka 2021 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wao husimulia kwamba zamani watumwa waliipika supu hiyo kwa ajili ya mabwana zao, wao wakikatazwa kuionja. Kwa hiyo siku ya uhuru kila mtu akainywa. Simaanishi kwamba mama zetu ni watumwa, hasha. Wao huonja wa kwanza, tena hakuna anayethubutu kuwauliza. Lakini fikirini. Kule walipika wakanyimwa supu. Hapa wanapika na wanainywa, na wanachokosa ni Neno, kile ambacho sisi wenyewe tunasema kila Jumapili kwamba ndicho chakula chenyewe.

Ndugu mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu, alinipinga. Alisema mlinzi wa lango pia hukosa ibada, na anayeshughulika na mitambo, na mwalimu wa watoto. Lazima mtu awe nje ili wengine wawe ndani. Nilikaa na neno hilo siku kadhaa kwa sababu ni la haki. Nakubali, lazima awepo mtu nje. Ninachokataa ni awe yuleyule. Katika Matendo 6 wajane walipokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula, kanisa halikuwaambia wavumilie. Walichaguliwa wanaume saba wenye kujaa Roho, wakakabidhiwa meza. Wanaume saba, nasema. Sijui hilo lilitupotea wapi.

Basi niwaeleze tumefikia wapi. Wengine walitaka jiko la gesi na sufuria za presha. Mkopo, mtungi mkubwa, na bado mtu anakaa nje. Wengine walitaka spika ndogo iwekwe karibu na tangi, na imewekwa, ni jambo jema, ingawa kumsikia mhubiri huku unafukuza moshi si sawa na kupiga magoti na wenzako. Kilichotusaidia kilitoka kwa akina mama wenyewe. Ni lile jiko la kikapu, lisilo na moto, ambalo vikundi vya wanawake vimelitengeneza hapa nchini kwa miaka mingi. Kikapu kikubwa kinajazwa nguo kuukuu pande zote na chini, katikati inabaki nafasi ya sufuria, na juu kuna mto mnene wa kufunika. Chakula kikishachemka kweli kweli unakitumbukiza humo na kufunika, na joto lake lenyewe linaendelea kukipika. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna kukoroga. Tulijaribu viwili wakati wa Pasaka. Muthokoi iliiva. Susu alionja, akanyamaza, akaonja tena.

Sasa tunavyo vikapu vinane, kila kimoja cha sufuria ya lita kumi. Mpango ni huu. Mifupa na miguu itachemka juu ya mafiga mchana, wakati ambapo hakuna ibada na vijana wapo. Muthokoi na maharagwe yatalowekwa tangu usiku wa tarehe 30. Na hapa naomba wale vijana waliojiandikisha wasome mara mbili: maji ya kuloweka maharagwe yanamwagwa, na maharagwe yanachemshwa peke yake kwa moto mkali, maji yakitokota, kabla ya kuingia kikapuni. Maharagwe mekundu yana sumu yao ya asili ambayo joto la pole haliiondoi. Hata wenye vyungu vya umeme vya kupika taratibu huambiwa wayachemshe kwanza dakika 10 angalau. Sisi tutayachemsha nusu saa. Mnakumbuka kule Gilgali mtu alikatia matango ya porini ndani ya chungu cha manabii bila kujua, wakalia kwamba kuna mauti ndani (2 Wafalme 4:38-41). Elisha alikuwepo siku hiyo. Jikoni kwetu hatuna Elisha.

Saa mbili usiku kila kitu kinachemka pamoja, sufuria zikiwa karibu kujaa, kisha vikapuni. Mtu asifunue kuchungulia, maana ukifunua joto linatoka na chakula cha uvuguvugu huharibika. Saa saba, tukishavuka mwaka, wawili wanatoka kuzichemsha tena na kuzirudisha. Saa kumi alfajiri zinachemshwa kwa mara ya mwisho na kutiwa chumvi. Zamu ni za watu wawili wawili, na orodha iko mlangoni. Jina langu ni la saa saba. Nafasi tatu bado ziko wazi, na nimeona zimejaa majina ya kina dada tu, kwa hiyo zilizobaki nimeziwekea alama kwamba ni za wanaume. Mnisamehe.

Je, itakuwa supu ileile? Susu anasema haitakuwa. Anasema moshi ulikuwa sehemu ya ladha. Huenda ni kweli. Inawezekana wale wa Nairobi wataonja na kusema kuna kitu kimepungua, nasi itabidi tuwaambie kilichopungua ni nini. Yeye mwenyewe hajafurahi sana. Kwa wiki mbili hakutaka hata kulizungumzia, na nilianza kuogopa kwamba nimemnyang'anya mahali pake pa kuombea nikidhani namfanyia mema. Nilienda kwake kumwambia wazi kwamba akitaka kukaa na sufuria, asihesabike kwenye zamu, akae tu kwa kupenda kwake, na mwaka ujao akitaka kuketi ndani asimweleze mtu yeyote sababu. Alifikiri, akamenya ndizi mbili, akanipa moja. Akasema mwaka huu ataketi ndani, safu ya pili, upande wa feni, aone ni kitu gani huwafanya watu wapige kelele vile saa sita.

Kisha akauliza ni nani atakayehubiri. Nikamwambia ni mimi.

"Basi uandae vizuri," akasema. Nimeanza kuandaa tangu Oktoba.